Apolinaria Kasimiri Mayala na Maji Yasiyochemshwa

Baba Paroko, mapadre na watawa mliopo, viongozi wa kijiji na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ndugu zetu Wamoraviani mliotoka Usoke na Sikonge tangu alfajiri, majirani na waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo. Familia ya marehemu Mzee Kasimiri Mayala imekubaliana kwamba maisha ya binti yake yasomwe mbele yenu kama alivyoyaishi, bila kupambwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alitumia miaka arobaini na mitano kuandika ripoti na kusahihisha za wenzake, na ripoti iliyopambwa aliirudisha kwa mwandishi wake ikiwa na mstari mwekundu.

Marehemu Apolinaria alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, katika kijiji hiki cha Lusu, Wilaya ya Nzega, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kasimiri, katekista na mchonga mizinga, na mkewe Mama Advera, akabatizwa Jumapili ya tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo. Herufi alifundishwa na baba yake kabla ya kuanza shule, kwa kitabu cha Misa cha Kilatini, hivyo alijua kuitikia sala kwa lugha ambayo hakuielewa, na baadaye, alipokutana na majina marefu ya vimelea katika vitabu vya maabara, alisema kwamba aliyaona kama jamaa aliowahi kuwasikia wakiimba.

Alianza Shule ya Msingi Lusu mwaka 1965, na mwaka 1968, akiwa darasa la nne, baba yake alijikata mguuni kwa shoka alipokuwa akichonga mzinga, jeraha likaoza, sindano zote zilizokuwapo zikachomwa na kidonda kisizijali, na mwezi wa Agosti mguu ukakatwa chini ya goti. Binti huyu ndiye aliyekaa kitandani pa baba yake akifukuza nzi kwa kipande cha khanga, na siku moja akamuuliza sista muuguzi ni nini hasa kinachomla baba, akajibiwa kwamba ni vijidudu, vidogo mno, havionekani kwa macho. Akauliza tena, "Na hivyo vijidudu, sista, vinaliwa na nini?" Sista alicheka sana, akawasimulia wenzake jikoni, nao wakacheka, lakini mtoto hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameuliza na alikuwa anangoja jibu.

Mwaka 1972 alichaguliwa kujiunga na Sekondari ya Wasichana Tabora, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, na kuanzia 1976 hadi 1979 alisomea kazi ya maabara jijini Dar es Salaam, ambako alitunukiwa cheti cha ufundi sanifu maabara. Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kosma, Tabora mjini, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu, na hata baada ya kustaafu hakuondoka, bali alihamisha kiti chake kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma.

Jumamosi ya tarehe 19 Juni 1982 alifunga ndoa takatifu na Bwana Renatus Lugembe, mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Usoke, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Kasimiri, Godeliva, Adriano na Magreth, ambao wote wako hapa pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Mzee Renatus alitangulia mbele ya haki tarehe 3 Machi 2011, na nafasi yake katika kazi ya mkewe itaonekana hivi punde, kwa kuwa si kila mume angeivumilia.

Mwaka 1994, kuhara kulipozidi katika makazi ya Ulyankulu, marehemu alipelekwa huko kwa miezi mitano, akazunguka kitongoji kwa kitongoji kwa baiskeli akiwa na kipaza sauti, akifundisha kuchimba vyoo, kunawa mikono na kuchemsha maji, tena si kuyapasha moto tu, bali kuyaacha yatokote hadi kifuniko kicheze. Aliwatungia watoto wa shule wimbo wa mambo hayo, nao waliuimba hata njiani, na vifo vilipungua, na marehemu alirudi Tabora mwenye furaha, asijue kwamba mafundisho yale mema yangekuja kumgharimu.

Ilikuwa mwezi wa Februari 1998 alipopata jibu la swali lake la utotoni. Alikuwa ameotesha usaha wa mgonjwa katika kisahani cha maabara, bakteria wakaota na kukifunika chote kama utando juu ya maziwa, lakini katika utando ule aliona vitobo vitatu visafi, vya mviringo, kana kwamba kuna aliyekuja kula akaondoka. Wenzake walimwambia atupe, kisahani kimechafuka, yeye akakiweka, akasoma, akaandikia vyuo, na baada ya miezi saba akajua kwamba alikuwa ameona kazi ya bakteriofaji, au faji kwa kifupi, jina ambalo nusu yake ya pili imetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kula, nazo ni virusi vidogo kuliko bakteria, visivyomdhuru mtu, ambavyo kila aina humwinda bakteria wake tu na kumwacha mwingine, humwingia, huzaana ndani yake na kumpasua. Jambo hilo lilikwisha kujulikana kwa wataalamu wa nchi za mbali kwa muda mrefu, nalo lilisahauliwa na wengi pale dawa za antibayotiki zilipopatikana kwa urahisi, lakini sasa dawa hizo zilikuwa zinashindwa wodini mbele ya macho yake, na miguu ya watu ilikuwa inakatwa kama ule wa baba yake, ndipo akaazimia kwamba hataondoka duniani kabla ya kuhakikisha, kwa ushahidi unaokubalika na si kwa maneno, kama viumbe hivyo vinaweza kuokoa mguu wa mtu wa Tabora.

Kwa kuwa cheti chake hakikutosha kuongoza utafiti, alirudi darasani akiwa na miaka arobaini na minne, akasoma kuanzia 2001 hadi 2004 pamoja na vijana waliomwita Bibi, akapata shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara. Kisha akaanza kukusanya. Aliamini kwamba palipo na bakteria wengi ndipo walipo walaji wao, na kwamba hakuna maji yaliyopokea vidonda vingi kuliko yale ya njia kuu ya zamani ya misafara, ambako kwa vizazi vingi wapagazi waliochubuka mabega, ng'ombe na punda walinawa na kunywa mahali palepale ambapo hata leo watu wananawa na kunywa, hivyo kuanzia 2005 hadi 2013 aliifuata njia hiyo kisima kwa kisima na dimbwi kwa dimbwi, kutoka Kwihara hadi Usoke na kutoka Usoke hadi ng'ambo ya Mto Malagarasi, hakuacha hata mitaro ya machinjio. Mzee Renatus aliipokea mizigo yake stesheni na kuisafirisha ndani ya behewa la gadi, huku wafanyakazi wenzake wakimtania, "Lugembe, mwenzetu umeoa mganga au umeoa mtaro?" naye akiwajibu, "Nimeoa mwanasayansi, shikeni hiyo chupa vizuri, ikimwagika mtaijua harufu yake." Kwa njia hiyo marehemu alikusanya, akachuja, akasafisha na kuhifadhi aina sitini na tatu za faji, kila moja na namba yake, na alikataa katakata kuzipa majina ya watu, hata lake.

Kibali cha kuzitumia kwa mgonjwa kilikuwa kazi nyingine. Aliandika ombi la kwanza mwaka 2009, akajibiwa kwamba halikukamilika, akaandika la pili, la tatu, hadi la saba, na tarehe 30 Novemba 2015 kamati ya maadili ya utafiti ilimruhusu kuanza na mgonjwa mmoja tu, ambaye dawa zote zimemshinda, na kama hapatakuwa na nafuu utafiti ufungwe. Mgonjwa huyo ni Bwana Aleksi Havyarimana, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, ambaye mwaka 2014 aliangukiwa na boriti la bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mfupa wa mguu ukaunga lakini kidonda kikakataa kufunga, kikawa kinatoa usaha wa kijani wenye harufu tamu ya kuchefua, na Daktari Anifa, bingwa wa upasuaji, alikwisha kumpangia kukatwa mguu Jumatatu ya tarehe 8 Agosti 2016.

Faji namba ishirini na saba iliwala bakteria wa Aleksi katika kisahani bila kubakiza, chupa zikatumwa zahanati ya kijiji chake mwezi wa Mei ili muuguzi amfungie kidonda asubuhi na jioni, na kwa kuwa muuguzi alikwenda likizo ya uzazi, mke wa mgonjwa, Bibi Esperansi, alielekezwa kufanya hivyo mwenyewe nyumbani. Baada ya wiki nne kidonda hakikuwa na mabadiliko hata kidogo, harufu ni ileile na rangi ni ileile, na kamati ikaandika kwamba matibabu hayana athari. Wenzake walimpa pole. Marehemu alikunja barua ile, akasema kwamba kisahani hakijawahi kumdanganya na kwamba atakwenda kuona kwa macho yake, akapanda basi la asubuhi hadi Ulyankulu, akamkuta Aleksi amelazwa kwenye mkeka kivulini, mguu umeinuliwa juu ya gunia.

"Shikamoo, mama," alisema Esperansi, akiwa amepiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, ile dawa ulikuwa unamwekeaje mzee?"

"Kama nilivyoelekezwa, mama. Nanawa mikono kwa sabuni, nalowesha kitambaa, nafunika kidonda, asubuhi na jioni. Sijaruka hata siku moja."

"Na kabla ya kulowesha kitambaa?"

"Kabla ya hapo nayachemsha, mama."

"Unachemsha nini?"

"Hayo maji ya dawa. Yanatokota mpaka kifuniko kinacheza, ndipo nayaacha yapoe. Ningemwekeaje mume wangu maji mabichi kidondani?"

Aleksi alicheka kutoka mkekani, akasema, "Mama, kuni za bani zimeniishia kwa hayo maji yako," lakini mkewe aliuona uso wa mgeni ukibadilika, akashika kichwa. "Nimekosea, mama? Si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Nilikuwa darasa la tatu, ulikuja na baiskeli, tukaimba." Na hapohapo, huku machozi yakimtoka, akaanza kuuimba ule wimbo wa mwaka 1994, beti zote, bila kukosea neno.

Marehemu aliketi chini. Faji hufa kwenye moto kama viumbe vingine, na kwa wiki nne mgonjwa wake alikuwa amefungwa kidonda kwa maji masafi kabisa yasiyo na kitu. Wanafamilia wamemsikia mara nyingi akisimulia kwamba alicheka kwanza, kicheko kirefu hadi majirani wakaja kuchungulia, kisha akalia, kisha akamwambia Esperansi kwamba hakukosea, bali aliyekosea ni yule aliyeandika kwenye chupa kwamba iwekwe pahali pa baridi na asiandike kwamba isichemshwe, hali akijua anaipeleka kwa watu aliowafundisha yeye mwenyewe. Ndivyo alivyoandika pia katika ripoti, kosa ni langu, akatia sahihi, na wakubwa wake walipomshauri aandike kwamba maelekezo hayakufuatwa na familia ya mgonjwa, alikataa.

Alisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, akaomba kuonana na kamati, akangoja siku tatu kwenye benchi la korido, na alipoingizwa mwenyekiti alimuuliza kwa mshangao, "Lakini mama, nani duniani anachemsha dawa?" naye akajibu, "Mtu aliyefundishwa vizuri, mheshimiwa." Walimpa siku ishirini na moja, mgonjwa akiwa wodini, si zaidi, na aliporudi Tabora na kupanga chupa zake Jumatatu ilikuwa tarehe 18 Julai, na siku ya ishirini na moja baada ya hapo ilikuwa ndiyo ileile ya msumeno, tarehe 8 Agosti.

Daktari Anifa hakuamini, na alimwambia hivyo waziwazi, lakini alikisafisha kidonda kwa mikono yake na kurudisha dawa moja ya sindano iliyokwisha kushindwa, kwa kuwa marehemu alimweleza kwamba bakteria anayejikinga na faji mara nyingine huusahau ujanja wake wa kuikwepa dawa. Siku ya sita hapakuwa na mabadiliko, siku ya tisa hapakuwa na mabadiliko, na marehemu hakula chakula cha mchana siku hizo zote, akisema hana njaa. Siku ya kumi na moja Esperansi alifungua kitambaa, akanusa, akanusa tena, akamwita muuguzi anuse. Tarehe 8 Agosti Aleksi alisukumwa kwa kitanda hadi chumba cha upasuaji kama ratiba ilivyotaka, Daktari Anifa akafunua mguu, akautazama kwa muda mrefu, nyama nyekundu imejaa kutoka chini, akamwambia mgonjwa, "Shuka, baba, rudi wodini kwa miguu yako, umenipotezea asubuhi yangu."

Bwana Aleksi yuko hapa leo, ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Kuanzia mwaka huo hadi 2023, wagonjwa kumi na wanne waliruhusiwa kutibiwa, tisa walipona, watatu hawakupata nafuu, na wawili walifariki kwa magonjwa mengine, na familia inazitaja hesabu zote tatu kwa kuwa marehemu hakuwahi kutaja ya kwanza bila ya mbili zinazofuata. Alistaafu tarehe 14 Septemba 2017, akaendelea kufundisha, na mwanafunzi wake wa karibu kuliko wote ni Bwana Revocatus, ambaye alimlea kikazi kwa miaka kumi na kumwita mwanangu mbele ya watu.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Agosti 2023 kwa mawe ya figo, alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, na tarehe 17 Oktoba 2024 alipatwa na homa kali, akalazwa katika hospitali yake mwenyewe, na vipimo vikaonyesha kwamba bakteria wamepanda kutoka kwenye figo hadi kwenye damu, nao ni sugu kwa kila dawa iliyopatikana. Aliagiza sampuli yake ipewe namba kama ya mgonjwa mwingine yeyote, ikajaribiwa kwa faji zote sitini na tatu, na hakuna hata moja iliyomgusa bakteria huyo. Revocatus alikuja kumwambia, akaanza na pole, naye akamkatiza, "Usiniletee pole, niletee sahani." Akaiangalia, akaomba kalamu, akaandika majina ya mahali kumi na moja pa kwenda kuchota maji.

Jumapili ya tarehe 10 Novemba, katika maji ya mtaro wa machinjio moja nje ya mji, Revocatus alipata vitobo. Alikimbia nacho kisahani hadi wodini, akasema amemwekea tayari kiasi cha kumchoma sindano siku hiyohiyo, na marehemu, ambaye kwa wakati huo aliongea kwa shida, alimuuliza kama kimesafishwa. Hakikuwa kimesafishwa, kilikuwa bado na sumu za bakteria waliopasuka, na kukisafisha na kukipima kunahitaji siku nne, na kibali cha dharura hakijaombwa. Watoto wake walimsihi, Magreth alipiga magoti, na mama yao akawasikiliza wote hadi mwisho, kisha akasema kwamba sindano ile ikimuua, maabara itafungwa na haitafunguliwa tena, na aliyelala kitanda cha jirani atakosa. "Isafishe," alimwambia Revocatus, "na uombe kibali. Mimi nitangoja kadiri nitakavyojaliwa." Jioni hiyo alipokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu, na Jumanne ya tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, aliitwa na Muumba wake, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Faji hiyo, namba sitini na nne, ilikuwa safi Alhamisi. Kibali kilifika jana asubuhi.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa Daktari Anifa na madaktari wote waliomhudumia, kwa wauguzi wa wodi ya wanawake, kwa uongozi wa hospitali, kwa majirani wa Tabora na wa Lusu waliopika, waliochota maji na waliolala nasi msibani, kwa wafanyakazi wa reli wa Usoke, kwa Bibi Esperansi na wanawake wa Ulyankulu walioimba tangu jana, na kwa Baba Paroko na kwaya.

Na kwa kuwa wengine wamenong'ona tangu jana wakiuliza yuko wapi Revocatus, na ni mtoto gani asiyemzika mama yake, familia inajibu hadharani kwamba yuko kazini kwa agizo la marehemu lililotolewa mbele ya mashahidi. Katika kitanda cha jirani na kile alichofia marehemu amelazwa Bibi Mwamvita, mama wa watoto watatu kutoka Sikonge, mwenye bakteria wa aina ileile katika damu yake, naye jana saa nane mchana alipewa dozi ya kwanza ya namba sitini na nne, na kila baada ya saa nane hupewa nyingine, na tutakapokuwa tunalishusha jeneza hili atakuwa anapewa ya nne. Kama atapona au hatapona, familia haijui, na haitasema lisilojulikana juu ya kaburi la mtu huyu. Revocatus amesamehewa kutokuwapo, na atakayemlaumu amlaumu kwanza aliyemtuma.

Mama Apolinaria, dozi ya nne ina mtu wa kuitoa. Pumzika kwa amani.